Usiku wa Milango Kufungwa

Neno la Jumapili, Machi 29, 2020
Somo: Kutoka 12:1-28



Kijitabu hiki umezoea kukipokea mlangoni mwa kanisa ukitoka, mhudumu anakupa huku amekushika mkono. Leo kimeletwa mlangoni kwako. Kimepitishwa chini ya mlango ama kimewekwa juu ya mtungi wa maji, na aliyekileta ameenda zake bila hata kunywa chai. Usimhesabie kukosa adabu, ni sisi tuliomwagiza hivyo. Jumapili iliyopita, tarehe 22, serikali ilisimamisha ibada za pamoja makanisani na misikitini, na neno hili nimelihubiri tukiwa watu wanne ndani ya jengo: mimi, mke wangu, kijana wa mitambo na mzee mmoja wa kanisa. Viti vimekaa tu vinaniangalia. Nilisema "Haleluya" mara ya kwanza, nikajiitikia mwenyewe.

Kabla sijafungua somo, nina deni la kulipa.

Mgonjwa wa kwanza wa korona hapa Kenya alitangazwa Ijumaa tarehe 13. Jumapili tarehe 15 tulikuwa tumejaa kanisani. Niliwasomea Zaburi ya 91, nikapaza sauti, nikasema ugonjwa huo hauna njia ya kuingia katika nyumba zetu. Kisha nikafanya kile ninachofanya kila Jumapili, nikawaambia mgeuke mshike watu watatu mikono, na kila mmoja umwambie kwamba hataguswa. Kulikuwa na mama mmoja, safu ya tatu upande wa akina mama, ambaye hakutoa mkono. Aliuweka kifuani, akainamisha kichwa. Nikamwona. Na badala ya kunyamaza, nikasema kwa maikrofoni kwamba kuna watu wamekuja na woga wao hadi ndani ya nyumba ya Bwana, wangeuacha getini. Mlicheka. Nakumbuka mlivyocheka, na mimi nikafurahi kwamba mmecheka.

Jumatano alinipigia simu. Hakulalamika. Alisema, "Pasta, nisamehe kwa kukuharibia ibada." Ndipo akanieleza kwamba mumewe yuko nyumbani anatumia dawa za kifua kikuu, huu ni mwezi wa tatu, na kule kliniki walimwonya asimletee mgonjwa hata mafua. Sasa niambieni, ni nani kati yetu wawili aliyekuwa na imani siku ile? Yule mama alikuwa amemlinda mumewe kwa mkono alioukunja. Mimi nilikuwa nataka ibada ichangamke. Mama, nilikuomba msamaha kwa simu. Leo nakuomba mbele ya wote waliocheka.

Zaburi ya 91 bado ni yetu, sijaifuta. Lakini tukumbuke ni nani mwingine anayeijua kwa kichwa. Soma Mathayo 4. Ibilisi alimsimamisha Yesu juu kabisa ya hekalu, akamtajia Zaburi hiyo hiyo, ati ajirushe, malaika watamdaka. Bwana hakuruka. Na ndugu zangu mnaonitumia Waebrania 10:25 kila asubuhi kwa simu, nimeupata huo mstari, asanteni. Aliyeandika barua ile aliwaambia watu wasiache kukusanyika ili watiane moyo. Hakusema tukusanyike ili tuambukizane.

Sasa tuje kwa Kutoka 12.

Mnajua Ijumaa ndiyo siku yetu ya kesha. Kuna wazee hapa ambao hawajakosa kesha tangu kanisa likiwa la mabati. Ijumaa hii iliyopita, saa moja jioni, kafyu ikaanza, hakuna kutoka hadi saa kumi na moja alfajiri. Mzee mmoja aliniambia, "Pasta, shetani amefunga kesha." Nikamwomba asome mstari wa 22. Musa anawaambia wazee wa Israeli wapake damu kwenye miimo ya mlango, na akishamaliza hapo anawapa amri nyingine: mtu yeyote asitoke mlangoni mwake mpaka asubuhi.

Hebu tukae hapo kidogo. Damu iko mlangoni. Ishara iko, ahadi iko. Mtu angeweza kusema, mimi nimepakwa, nimefunikwa, wacha nitoke nitembee barabarani nione huyo malaika atanifanya nini. Wala hakuna mahali Musa anaposema kwamba mwenye imani kubwa anaruhusiwa kutoka na wengine wabaki. Wote ndani, yeye Musa pamoja nao. Damu ilikuwa mlangoni na mlango ulikuwa umefungwa, na hivyo viwili havikugombana. Na kuhusu kesha, soma mstari wa 42. Katika tafsiri kadhaa utaona kwamba usiku ule aliyekesha ni Bwana mwenyewe. Nilimwambia yule mzee, Ijumaa Mungu alikesha, wewe ulale tu.

Lakini hapo si mwisho, na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Wengi wetu wahubiri tunakimbilia damu na mlango, tunaruka mstari wa 4. Mimi mwenyewe nimehubiri Kutoka 12 karibu kila Pasaka na sidhani nimewahi kusimama kwenye mstari huo. Unasema kwamba kama nyumba ina watu wachache wasioweza kumaliza mwanakondoo, basi washiriki na jirani aliye karibu na nyumba yao, wahesabu watu, na waangalie kila mmoja anakula kiasi gani. Mungu anapanga kuangusha Farao, halafu anataka kujua mtoto wa jirani anakula kiasi gani!

Na angalia tarehe. Mwanakondoo alichaguliwa siku ya kumi, akachinjwa siku ya kumi na nne. Kulikuwa na siku nne za kujua nani yuko wapi na nyumba gani haina kitu. Sisi kafyu ilitangazwa Jumatano, ikaanza Ijumaa. Tulipewa siku mbili. Tulizitumiaje?

Nitawaambia nilivyozitumia. Nilienda supamaketi nikapiga foleni, nikarudi na belo nzima ya unga, pakiti 12, nikasukuma chini ya kitanda. Nyumba yetu ina watu wanne. Mke wangu hakusema kitu. Alifungua Biblia akanisomea mstari wa 10, pale wanapoambiwa wasibakishe chochote hadi asubuhi. Akafunga Biblia, akaenda kulala. Belo imefunguliwa, na mengine sitawaambia, kwa sababu mtu akitangaza unga aliotoa ameshalipwa.

Sikatai mtu kuweka chakula cha wiki, hiyo ni busara. Nasema tu kwamba chumba kinaweza kujaa unga ukutani mwa nyumba ambayo jiko halijawaka, na nyumba zote mbili zimefungwa saa moja, zote mbili zinaimba.

Mshirika wetu mmoja anauza chapati na maharagwe stejini. Biashara yake ilikuwa inaanza saa kumi na moja jioni, watu wakishuka matatu, na inaisha saa tatu usiku. Sasa hiyo saa kumi na moja kila mtu anakimbia. Matatu ya abiria 14 inabeba 8, nauli imepanda, na shilingi hamsini ambayo ingekuwa ya chapati imebaki kwa kondakta. Jumatano jioni baada ya tangazo alinitumia ujumbe mfupi: "Pasta, nimesikia tukae ndani. Nitakaa. Watoto watakula nini?" Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Nilikuwa karibu kumjibu kwamba Bwana ni mchungaji wake. Ni kweli, ndiye. Lakini kumpa mtu mstari wa 22 na kumnyima mstari wa 4 ni kumfungia ndani na njaa yake.

Kilichofanyika hakikutoka kwangu, na pia hakikutoka kanisani. Ploti anayoishi ina vyumba kumi, na chumba kinachopakana na chake ni cha fundi wa viatu, Mwislamu. Huyo ndiye aliyezunguka Alhamisi akiuliza kila mlango, nyinyi hapa mnakula chapati ngapi? Akaandika kwenye karatasi ya kupimia miguu. Sasa mama anapika saa tisa mchana, kila nyumba inatanguliza sahani yake kwenye stuli, na malipo ni kwa simu, maana siku hizi ukituma shilingi 1,000 kushuka chini hukatwi ada. Anapata pesa kidogo kuliko alizokuwa anapata stejini, pengine hata nusu haifiki. Sitawaongopea kwamba unga ulizidishwa. Lakini Ijumaa, usiku wa kwanza wa kafyu, watoto wale walilala wameshiba. Andiko lilisema jirani aliye karibu na nyumba, halikuuliza anaswali wapi.

Najua si kila mlango ulifungwa kwa amani. Ijumaa hiyo hiyo kule Likoni, watu waliokuwa wanangoja feri warudi makwao walirushiwa gesi ya kutoa machozi kabla hata saa moja haijafika. Mtu anayekimbilia nyumbani kwake anatii tayari. Tuwaombee waliojeruhiwa, na tuwaombee pia walioshika rungu.

Na maji. Tunaambiwa tunawe mikono kwa sabuni, sekunde ishirini. Kwa mwenye mfereji jikoni hilo ni jambo dogo. Kuna ploti za washirika wetu ambazo maji hufunguliwa mara mbili kwa wiki, na siku zingine ni kununua mtungi wa lita ishirini, na mtungi mmoja unapika, unaosha mtoto, unafua. Mama wa nyumba kama hiyo usimhubirie usafi. Mpelekee mtungi. Mwenye tangi kwake na afungue geti asubuhi wenzake wachote, mmoja mmoja, bila kusongamana.

Kuhusu sadaka nitasema mara moja tu. Kanisa lina kodi na mlinzi, hilo siwafichi, na anayeweza kutuma kwa simu atume. Lakini usiitoe sadaka kwenye sufuria ya watoto. Wazee walikutana kwa simu Alhamisi usiku wakakubaliana kwamba pesa za kinanda kipya, zile tulizochanga tangu Oktoba, zinunue unga, maharagwe na sabuni kwa nyumba ambazo viongozi wa ushirika wataleta majina yao. Kwaya, najua mlikingojea. Kinanda cha zamani kina vidole vitatu visivyolia, na kwa sasa hakuna wa kukisikiliza.

Wazazi wameniambia watoto wamewashinda, shule zimefungwa na chumba ni kimoja. Kwetu pia wanapanda kuta. Lakini angalieni mstari wa 26. Usiku ule wa Pasaka, mtoto ndiye anayeuliza, ibada hii tunayofanya ni ya nini, na mzazi ndiye anayejibu. Hapo hakuna hekalu wala kuhani wa kabila la Lawi, na Shule ya Jumapili haijafika. Kuna baba, mama na mtoto mwenye maswali. Wangu wa miaka saba aliniuliza Ijumaa usiku kama Yesu naye ana kafyu. Nilicheka kwanza. Halafu tukasoma pamoja Yohana 20, jinsi wanafunzi walivyojifungia ndani kwa woga, milango imekazwa, na hakuna aliyemfungulia, lakini wakamwona amesimama katikati yao. Mtoto akaangalia mlango wetu, akaangalia dirisha, akaniuliza atakaa kwa kiti gani. Tukamwachia kile cha karibu na jiko.

Pasaka ni tarehe 12 Aprili. Huenda tukaila nyumbani, kama walivyoila wale wa kwanza.

Leo kabla ya saa moja, fanya hesabu ya mstari wa 4. Usigonge mlango, simama mbali kidogo na uite kwa sauti. Uliza wako wangapi humo ndani, nani anaumwa, kama maji yapo, kama jiko litawaka. Kama kuna anayerudi nyumbani usiku kutoka zamu hospitalini, msimkimbie wala msimnyooshee kidole, muulizeni mtoto wake amekula. Majina mpe kiongozi wa ushirika wako kwa simu kufikia kesho mchana. Na kijitabu hiki ukimaliza usikipitishe mkono kwa mkono. Kaa mlangoni pako, uwasomee wa mlango wa pili.

Tuombe. Baba, milango yetu imefungwa na wewe unajua kilicho nyuma ya kila mmoja. Mkumbuke aliye peke yake, aliyekatwa kibarua, na mgonjwa ambaye mkewe anamlinda. Wape nguvu madaktari na wauguzi wetu, na wale walio karantini uwarudishe salama kwao. Pita katika ploti zetu usiku huu, mlango kwa mlango. Katika jina la Yesu, amina.