Zamu ya Maji: Mafundisho ya Ngamia wa Nabii Saleh a.s. kwa Watu wa Kagera

Kurani Tukufu inatusimulia mara nyingi habari za kaumu ya Thamud na Nabii wao Saleh a.s. Kaumu hiyo ilijaliwa bustani, chemchemi na majumba yaliyochongwa majabalini. Mtihani waliopewa ulikuwa mdogo machoni pa watu: waliamrishwa wamwache ngamia jike ale katika ardhi ya Mungu, na wagawane naye maji kwa zamu, siku yake na siku yao. Wakashindwa. Wakamkata miguu, na adhabu ikawafikia.

Pengine mtafuta haki atauliza: Je, yawezekanaje kaumu nzima iangamizwe kwa ajili ya mnyama mmoja? Jibu ni kwamba ngamia yule alikuwa ishara ya Nabii wa Mungu, na aliyemdhuru aliidharau amri ya Mola wake. Lakini imo hekima nyingine, ambayo sisi wakazi wa Bukoba na Muleba yatupasa tuizingatie sana. Mtu asiyeweza kumwachia mnyama asiyesema zamu yake ya maji, hatamwachia haki yake yatima, wala mjane, wala jirani.

Sisi nasi tumepewa mtihani wa namna hiyo hiyo. Anayetoka Bukoba kwenda kusini huiacha migomba na mibuni, akapita rweya, na mwisho akafika katika nyika ya Ziwa Burigi, ambalo sehemu yake imo katika Wilaya ya Muleba. Wakati wa masika wanyama hutawanyika kotekote, kwa kuwa kila bonde lina maji na majani. Mvua zikikoma mwezi wa Juni na vidimbwi kukauka, hapana budi waufuate ukingo wa ziwa, mito na mabwawa yasiyokauka. Kiangazi ndicho kipimo cha uhai wao. Na hapo kwenye maji, ambapo hawana pa kwenda pengine, ndipo mwindaji huwangojea.

Tukumbuke yaliyotokea. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa kama siku moja tu, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia mauaji na vita vya Rwanda. Wenyeji wa Kagera waliwapokea, na thawabu ya ukarimu huo iko kwa Mwenyezi Mungu. Lakini misitu ilikatwa kwa kuni, na wanyama wa hifadhi za jirani waliuawa bila kiasi. Ilikisiwa kwamba katika kambi mbili kubwa zililiwa tani saba na nusu za nyama ya pori kila wiki. Nyati waliohesabiwa 2,670 wakabaki 44. Kongoni waliokuwa 324 wakatoweka kabisa. Nayo nyama hiyo watu waliipa jina la mchicha wa usiku, kwa sababu ilipikwa gizani. Ndugu msomaji, angalia jinsi dhambi inavyotafuta jina la mboga ili ipite mlangoni!

Ng'ambo ya mpaka hali ilikuwa ngumu vile vile. Mwaka 1997 zaidi ya nusu ya Hifadhi ya Akagera iliondolewa katika hifadhi ili wapate makazi watu waliorejea Rwanda. Na nchini Kenya, nyumbu wa Mara na nyanda za Loita, waliokuwa kiasi cha 119,000 mwaka 1977, walibaki kiasi cha 22,000 mwaka 1997. Sababu kubwa haikuwa mishale. Nyanda walizozoea kulisha na kuzalia wakati wa mvua zililimwa ngano. Basi anayeziba njia ya maji, au anayechukua malisho yote, anaua kama anayerusha mkuki, ijapokuwa mikono yake haina damu.

Hapa huletwa hoja moja, nayo yastahili jibu la haki: "Mwenye njaa afanye nini?" Islamu si dini ya kumwonea mwenye njaa. Kurani Tukufu imemwondolea dhambi aliyeshikwa na dharura, hata akila kilichoharamishwa, lakini kwa masharti mawili: asiwe mwenye kutamani, wala asipite kiasi. Wakimbizi walipewa nafaka na kunde pasipo nyama, na wale waliolisha watoto wao kwa dhiki Mungu anaijua mioyo yao. Walakini tani saba na nusu kwa wiki haziwezi kuwa dharura peke yake. Humo mna biashara. Mna muuzaji, mchukuzi na mnunuzi, na wengi wao walilala wameshiba.

Tena Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Sura Al-Maida kwamba huwajaribu waaminio kwa mawindo yaliyo karibu na mikono yao na mikuki yao, ili ajulikane nani amwogopaye kwa siri. Amri ile iliwahusu mahujaji waliovaa ihramu, lakini funzo lake ni pana. Hapana sifa katika kumwacha mnyama aliye mbali; taqwa huonekana pale anapokuwa karibu, naye askari hayupo.

Mtume Mtukufu s.a.w. aliufanya mji wa Madina kuwa mahali patakatifu, mawindo yake yasifukuzwe na miti yake isikatwe. Naye Khalifa Umar r.a. alipotenga malisho, alimwagiza msimamizi awaruhusu wenye ngamia na kondoo wachache, na awazuie matajiri wenye makundi makubwa, kwa kuwa tajiri akipoteza mifugo yake bado ana shamba na mitende, lakini maskini hana kimbilio. Mwaka 2019 hifadhi za Biharamulo, Burigi na Kimisi ziliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Ni jambo jema. Lakini wenye mamlaka waukumbuke mwendo wa Umar: wanakijiji wa kando ya hifadhi, ambao mbuzi wao wachache hawana pa kunywa, nao wana zamu yao. Haki ya mnyama haisimami juu ya dhuluma ya maskini.

Wazee wetu wa Kihaya hawakuwa wageni wa adabu hii. Kila ukoo ulikuwa na muziro wake, kiumbe ambaye ukoo huo haumli. Islamu imelipanua jambo hilo. Kurani Tukufu inafundisha kwamba wanyama wote na ndege wote ni umati kama sisi, wala si mali ya ukoo mmoja.

Wala tusikate tamaa. Huko Akagera simba walikuwa wametoweka. Wakarudishwa mwaka 2015, na vifaru mwaka 2017, na hesabu ya wanyama imezidi maradufu tangu 2010. Mlango wa toba uko wazi kwa nchi kama ulivyo wazi kwa mtu.

Na mwisho, nani alimwua ngamia wa Saleh? Sura Al-Qamar inamtaja mtu mmoja aliyenyosha mkono. Lakini Sura Ash-Shams inasema wao walimkata miguu, na adhabu ikawapata wote, kwani wengine walimchochea na wengine walinyamaza. Basi asiseme mtu wa Muleba, "Mimi si mwindaji, nimenunua kipande tu." Wala asiseme mtu wa Bukoba, "Mimi niko mbali na Burigi," hali nyama imefika jikoni kwake usiku. Asiyenunua amekwisha uvunja mkuki wa mwindaji.

Mwenyezi Mungu atujalie kuwa walinzi waaminifu wa viumbe Vyake, atupe shibe ya halali, na asituandike pamoja na wale waliomnyima mnyama zamu yake ya maji. Amin.