Je, Aongezaye Dau Pasipo Karata ni Mwongo?

Wako wasemao kwamba mchezo wa poka haumfai Mkristo, kwa kuwa hauchezeki vema pasipo uwongo. Neno hili lataka kupimwa.

Poka ilienea Marekani katika karne ya 19, hasa katika merikebu za mto Mississippi. Katika namna moja ya mchezo huo, kila mtu hupewa karata tano kati ya 52, akazitazama peke yake. Kisha hutia dau kwa zamu. Asiyetaka kulifikia dau la mwenziwe hujitoa, na alichokwisha kutia kimepotea. Basi mwenye karata dhaifu aweza kuongeza dau kwa uso mkavu, wenziwe wakaogopa, naye akatwaa fedha zote. Hapo ndipo penye shtaka.

Mimi sioni kuwa huo ni uwongo. Mwongo huvunja imani aliyopewa. Lakini mezani hapo hakuna aliyeahidiwa kwamba dau kubwa ni karata nzuri. Mcheza mpira aelekezaye mwili kushoto apate kupita kulia, nani amwitaye mwongo? Tena mwaka 1944 wataalamu John von Neumann na Oskar Morgenstern walionyesha kwa hesabu kwamba kuongeza dau mara nyingine kwa karata dhaifu ni sehemu ya kucheza vema: aongezaye akiwa na nguvu tu, wenziwe humtambua, wakajitoa.

Uwongo wa kweli uko kwingine: kumchungulia jirani karata zake, au kunong'onezana na rafiki. Adabu nayo yadai zaidi. Mtu hungoja zamu yake. Akiisha kujitoa hataji karata alizotupa, maana maneno yake yaweza kumdhuru mmoja wa wanaoendelea. Tena ajuaye kwamba ameshinda hakawii kufunua ili mwenziwe adhani amepona. Jambo hilo halivunji sheria yo yote, lakini ni ukatili.

Lakini fedha, je? Bao lapendeza hata bila senti. Poka bila dau ni baridi, kwani kitishio kisichogharimu hakimwogopeshi mtu. Iko kanuni kwamba katika mkono mmoja mtu hawezi kupoteza zaidi ya alichokuwa nacho mezani ulipoanza. Kanuni njema, ila mkono ukiisha, aliyeshindwa aweza kutia mkono mfukoni tena, na kilichomo huenda ni karo ya mtoto. Mwenziwe ajuaye hayo, akamgawia karata kwa adabu zote, huyo ndiye nimwogopaye kuliko mwenye uso mkavu.