Mtumeni Finehasi Kwanza

Wapendwa wa Songea, mjini na vijijini, fungueni Yoshua sura ya 22. Habari zimefika Shilo: Wareubeni, Wagadi na nusu ya kabila la Manase wamejenga madhabahu kubwa kando ya Yordani. Basi! Hakuna aliyeuliza kwa nini. Israeli yote imekusanyika kwenda kuwapiga. Na hao wa kupigwa ni ndugu zao wa damu, ndio kwanza wametoka kupigana bega kwa bega, wakaagana kwa baraka.

Jambo moja liliwaokoa. Walimtuma Finehasi, mtoto wa kuhani Eleazari, pamoja na wakuu 10. Msidhani alikwenda na maneno laini. Alikwenda akifoka, akawakumbusha dhambi za zamani, ya Peori na ya Akani. Lakini alipomaliza kufoka, alinyamaza akasikiliza. Akaambiwa kwamba madhabahu ile haikuwa ya sadaka. Wa ng'ambo walihofia kwamba kesho watoto wao watakataliwa na watoto wa Shilo kwa sababu ya mto. Kumbe kilichoitwa uasi kilikuwa hofu ya kutengwa! Vita ikafa palepale.

Sisi je? Tangu uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 na machafuko yake, tukisikia mtu ameuawa, swali letu la kwanza ni lipi? "Alikuwa upande gani?" Mungu atusamehe! Kabla ya kumuuliza mama yake marehemu amelala wapi, tunauliza chama! Kijana wetu akitukana, tunasema amechoka, maisha magumu. Wa kwao akitukana neno lilelile, ndivyo walivyolelewa. Mwana-CCM akilalamikia dawa kukosekana zahanati, wenzake wanasema kanunuliwa. Mwana-CHADEMA akionekana anakunywa chai na diwani, ameshauza wenzake. Nani atathubutu kuvuka kwenda kuuliza?

Babu zetu walithubutu. Wangoni na Wahehe walimwagana damu karne ya 19, na leo ni watani. Mngoni akifiwa, Mhehe anaingia msibani anamsema marehemu kwa uchoyo wake, analizuia jeneza mpaka apewe chochote, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Mtani ana ruhusa ya kukwambia usoni, kutoka upande wa pili, yale ambayo ndugu zako wanayameza. Vyama vyetu havina mtani. Na sisi viongozi wa jumuiya (najisema na mimi humohumo) tumekuwa hodari wa kuombea amani na wavivu wa kubisha hodi.

Amkeni! Wiki hii, kila jumuiya, kuanzia Lizaboni hadi Bombambili, imchague mtu mmoja aende kwa wale tusiosalimiana nao. Msimtume mpole, akirudi mtasema amerubuniwa. Mtumeni yule mkali wenu, mwenye bendera mlangoni. Aseme yote yanayomchoma, kisha aulize, "Ninyi mnaogopa nini?" Halafu afunge mdomo mpaka jibu liishe.

Na akirudi, asiwepo wa kumdaka getini kumuuliza kama amewashinda. Mpeni kiti, mpeni maji, aeleze alichoambiwa tangu mwanzo hadi mwisho, hata pale patakapotuuma.