Kweli, Huruma na Ulimi

Kweli ni pambo la ulimi, lakini si kila asemaye kweli hutenda wema. Wako waifanyao kweli kuwa fimbo, na wako waufanyao upole kuwa pazia la uongo. Lipi basi lililo bora: kusema kweli iumizayo, au kunyamaza ili moyo wa mwenzi usijeruhiwe?

Swali hili ni la kale. Maandiko ya wafuasi wa Buddha yasimulia kuwa Abhaya, mwana wa mfalme, alitumwa kumtega mwalimu huyo kwa swali: je, aweza kutamka neno lichukizalo? Akikubali, ataulizwa apitanaje na watu wa kawaida. Akikana, atakumbushwa maneno makali aliyosema juu ya Devadatta. Abhaya alikuwa amempakata mtoto mchanga. Buddha akamwuliza angefanya nini kama mtoto yule angetia kijiwe kinywani. Akajibu kuwa angekitoa, hata kama damu ingetoka, kwa sababu amhurumia. Hapo mtego ukafyatuka bure. Neno chungu laweza kusemwa, lakini sharti liwe la kweli, liwe na faida, na wakati wake uwe umewadia. Neno tamu lisilo na faida halisemwi, hata likiwa la kweli.

Katika karne ya 20, Marshall Rosenberg, mwanasaikolojia wa Marekani (1934–2015), alifundisha mazungumzo yasiyo ya jeuri kwa hatua nne: kueleza lililoonekana bila ya kuhukumu, kutaja hisia, kutaja haja iliyoizaa hisia hiyo, kisha kuomba pasipo kuamuru. Amwitaye mwenziwe mvivu amehukumu. Asemaye kuwa shamba halikupaliliwa kwa siku tatu ameeleza.

Mafundisho haya mawili yahitajiana. Hatua nne zaweza kufuatwa na mtu mwenye moyo wa mwindaji, maneno yakawa laini kama chambo. Kwa hiyo mazoezi ya Buddha huanza nyuma ya ulimi, katika nia. Lakini nia njema nayo, isipojua njia, huongeza kijiwe badala ya kukitoa.

Wala huruma si kuwapendeza watu. Mtawa Thich Nhat Hanh alitoka Vietnam mwaka 1966 kuomba vita vikome, asiweze kurudi mpaka mwaka 2005.

Basi kabla ya kutia kidole kinywani mwa mwingine, yapasa mtu ajiulize: kijiwe kimo kweli, au ni kilio tu kilichomchosha masikio?