Abti, Mimi Naweza

"Anaweza kula mwenyewe?"

Afisa alimtazama mpwa wangu kidogo, halafu akanigeukia mimi. Kazi yangu siku hiyo ilikuwa kutafsiri. Sikutafsiri. Nilijibu mwenyewe, tena haraka: "Hawezi. Huyu hajiwezi kwa lolote."

Kijana ana miaka 15 na ana mtindio wa ubongo. Kwetu Bulla Iftin, hapa Garissa, nyumbani tunaongea Kisomali, nikadhani Kiswahili kinampita tu. Kumbe redio na TV za majirani zilikuwa zinamsomesha miaka yote hiyo. Polepole, kila neno likimtoka kwa jasho, akasema kwa Kiswahili: "Abti, mimi naweza."

Abti ni mjomba, na mjomba naye humwita mpwa wake abti. Neno moja linakwenda na kurudi. Siku hiyo lilinirudia vibaya.

Tulikuwa tumefuata pesa za Inua Jamii, lile fungu la watu wenye ulemavu mkubwa, shilingi 2,000 kwa mwezi, ambazo hupitia kwa mlezi. Ulemavu mkubwa maana yake ni mtu anayehitaji kuangaliwa wakati wote: kulishwa, kupelekwa choo, kulindwa asijidhuru. Mara ya kwanza jina lake liliachwa kwa sababu kuna mtu alisema amemwona nje ya nyumba akila embe mwenyewe. Embe! Tukalalamika, tukaitwa tusikilizwe. Sasa unaelewa kwa nini nilikuwa na jibu tayari.

Kusema ukweli, uongo wangu haukuwa uongo mtupu. Sahani moja ya wali humchukua saa nzima, nusu inaishia chini, na lazima mtu akae karibu asije akapaliwa. Kijiko chenyewe amejifunza kukishika kwa mwaka mzima. Mama yake alikizungushia kitambaa kwenye mpini ili kikae vizuri kiganjani. Je, hiyo ni "anaweza" au "hawezi"? Fomu ilitaka moja tu.

Rafiki yangu mmoja alinicheka. "Buda, watu wanaiba mabilioni, wewe unakosa usingizi kwa neno moja?" Lakini mabilioni ya wengine hayanisaidii mimi kujua nilichofanya. Na upande wa pili pia una uzito. Dada yangu alikuwa akiuza maziwa ya ngamia sokoni. Aliacha, maana nani angebaki na mtoto? Ningesimama pale nikawa mkweli wa kupigiwa mfano, mimi ningerudi na moyo safi na yeye angerudi mikono mitupu. Ni rahisi kuwa mwadilifu kwa sahani ya mwenzako. Madrasa tulisoma aya ya 135 ya Sura ya An-Nisaa, inayotutaka tusimamie ushahidi hata ukiwa dhidi yetu wenyewe na jamaa zetu. Niliihifadhi bila shida yoyote. Wakati huo sikuwa na mtu wa kumtolea ushahidi.

Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Sisi Wasomali tuna mazoea yetu: anayechechemea ataitwa Langare, kiziwi ataitwa Dhegoole, na mtu anazeeka na jina hilo bila ugomvi. Zamani nilidhani hayo ndiyo matusi. Siku hizi sina hakika. Langare anaitwa Langare, halafu anaulizwa bei ya mbuzi. "Hajiwezi kwa lolote" halimwachii mtu chochote cha kuulizwa. Na nililisema akiwa amekaa kando yangu, kwa lugha niliyoichagua nikidhani haifiki masikioni mwake. Kutaka zile pesa sijuti hata leo. Hilo la lugha ndilo linaloniamsha usiku.

Afisa aliweka kalamu chini. Niliziona 2,000 zikipotea. Ndipo nikaanza upya, safari hii taratibu: anakula, ila ni saa nzima, anashika kijiko, ila mtu asipokuwepo anaweza kupaliwa afe, choo hawezi peke yake, mama yake hajalala usiku mzima tangu sijui lini. Kila sentensi nilimgeukia kijana kwanza, nikamwambia kwa Kisomali, naye akaitikia kwa kichwa. Moja aliikataa, nikaiondoa. Nafasi kwenye fomu ilikwisha, afisa akaandika pembeni, mwishowe akaigeuza karatasi. Tukaambiwa tungoje. Bado tunangoja.

Kwenye tuktuk ya kurudi hakunisemesha. Jioni aliletewa wali, akakataa kulishwa, nami nikakaa karibu yake kama kawaida. Nikamuuliza, "Abti, umenikasirikia?"

Alikuwa na kijiko mdomoni. Ilibidi ningoje.