Nuru ya Zamani Juu ya Bulyanhulu

Anayepiga picha ya nyota kwa mara ya kwanza kwenye vilima vya mawe vya Usukuma hugundua mapema kwamba kamera inaona zaidi yake. Simu imeegemezwa kwenye jiwe, pumzi imebanwa, sekunde 30 zinapita. Kwenye kioo unatokea utitiri wa nyota ambazo jicho halikuziona. Je, picha imesema kweli, au imetunga? Imesema kweli, ila kweli ya zamani.

Mwaka 1850, kule Harvard, Marekani, ilipigwa picha ya nyota ya Vega, nyota ya kwanza kupigwa picha ukiacha Jua. Nuru iliyonaswa ilikuwa imesafiri miaka 25 hivi. Kilimia, kundi la nyota ambalo wakulima wa kwetu walilitazama kujua majira ya kulima, kiko mbali zaidi: nuru yake huchukua miaka zaidi ya 400. Kinachopigwa picha, basi, ni jana. Tena jana ya kabla ya babu wa babu.

Muumini huona hapo ukuu wa Mungu, mwenye shaka huona udogo wa binadamu. Kusema kweli, hawapishani sana.

Bulyanhulu, penye mgodi wa dhahabu huku Usukuma, nayo ina kichekesho chake. Watu wanachimba dhahabu zaidi ya kilomita moja chini ya ardhi. Agosti 17, 2017, wanasayansi walinasa mawimbi ya mvutano ya nyota mbili za nyutroni zilizogongana, na mng'ao wa mgongano huo ukaonyesha kuwa migongano kama hiyo huzaa madini mazito, dhahabu ikiwamo. Kinachosakwa chini kilitoka juu!

Atakayejaribu kuzipiga picha nyota na achague usiku usio na mwezi, kisha azipe kisogo taa za mgodi.