Gauni Jeupe na Nyumba ya Krismasi: Tunampambia Nani?



Mwezi wa Desemba unapokaribia, sisi makatekista huwa na kazi nyingi. Watoto wamefunga shule, jamaa wanarudi mashambani kutoka mijini, na wachumba wengi huona kwamba huu ndio wakati unaofaa kufunga ndoa, kwa kuwa ndugu wote wako nyumbani. Hapo huingia katika mambo mawili makubwa karibu kwa wakati mmoja: arusi yenyewe, na Krismasi ya kwanza katika nyumba yao wenyewe. Yote mawili yanataka mapambo, na mapambo yanataka fedha.

Mwaka uliopita, baada ya mafundisho ya ndoa, binti mmoja alibaki nyuma wenzake walipotoka. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, je, ni dhambi kutaka gauni zuri?" Nilimjibu upesi kwamba si dhambi, ila asipite kiasi. Alishukuru, akaenda. Lakini nikiwa njiani kurudi nyumbani niliona kwamba jibu langu halikumsaidia. Kiasi ni kipi? Nani anakipima? Mwenye duka ana kiasi chake, shangazi ana chake, na kamati ya arusi ina chake. Leo nataka kumjibu binti yule vizuri zaidi, pamoja nanyi mlio katika ndoa tayari, kwani swali hili haliishi siku ya arusi.

Kanisa linadai nini?

Kwanza tujue yaliyo ya lazima. Wakatoliki wawili walio huru, wasio na kizuizi, hufunga ndoa kwa kutoa ridhaa yao, yaani kila mmoja kumkubali mwenzake kwa hiari, mbele ya padre au shemasi mwenye ruhusa, na mbele ya mashahidi wawili. Sheria ya Kanisa inasema kwamba ridhaa ndiyo inayofanya ndoa. Haitaji gauni, wala shela, wala keki, wala msururu wa magari. Bibi arusi aliyevaa kitenge safi ameolewa sawasawa na yule aliyevaa hariri.

Hata rangi nyeupe si amri. Zamani huko Ulaya, bibi arusi wengi walivaa tu nguo yao iliyo nzuri kuliko zote, iwe ya buluu, nyekundu au hata nyeusi. Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa mwaka wa 1840 alivaa nyeupe, na polepole watu wengi wakamwiga. Desturi hiyo ikatufikia na sisi. Sisemi kwamba ni mbaya. Mkristo ana sababu yake mwenyewe ya kupenda nyeupe, kwa kuwa siku ya ubatizo alivikwa vazi jeupe kuwa ishara ya kumvaa Kristo. Lakini tusidanganyane: asiye na gauni jeupe hajapungukiwa na chochote mbele ya altare.

Waliozuiwa na gauni

Nasema haya kwa uchungu. Katika kigango ninachohudumu kuna mume na mke walioishi pamoja kwa miaka tisa bila kufunga ndoa kanisani. Mahari ilikuwa imelipwa, watoto walikuwa wamebatizwa, na kizuizi hakikuwepo. Kila Jumapili wakati wa Komunyo walibaki wameketi kwenye benchi. Tulipowauliza, mume alijibu, "Mwalimu, bado tunajipanga." Siku moja mama yule alimweleza mke wangu ukweli. Dada zake wawili walikuwa wameolewa kwa arusi kubwa, naye aliona haya kuingia kanisani bila gauni kama lao. Kila mwaka waliweka akiba, na kila mwaka karo au ugonjwa ukaila.

Kisha mtoto wao wa kwanza akaanza mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Jioni moja akauliza, "Mama, mbona wewe hupokei?" Wiki hiyo hiyo walikuja kwangu. Kina mama wa jumuiya wakamtafutia gauni la kuazima, wakalipunguza kiunoni, na ndoa ikafungwa katika Misa moja pamoja na jozi nyingine tatu. Karamu ilikuwa chai, mkate na wali. Mama yule alipotoka kupokea Ekaristi alikuwa akitokwa na machozi. Hakuna aliyeuliza gauni lilikuwa la nani.

Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko aliligusa jambo hili mwaka wa 2016 katika wosia wake uitwao Amoris Laetitia. Aliona kwamba wapo wanaoishi pamoja wasifunge ndoa kamwe kwa sababu ya gharama za sherehe, akawahimiza wachumba wawe na ujasiri wa kutofuata mkumbo. Basi hapa kosa si gauni. Kosa ni kulipa gauni cheo kisicho chake, mpaka likasimama mlangoni na kuwazuia watu wasiingie katika neema.

Deni chini ya shela

Wapo wengine wanaofika mbele ya altare, lakini wakiwa na siri. Nawajua vijana wawili waliofunga ndoa wiki chache kabla ya Krismasi. Bibi arusi alitaka gauni jipya, si la kukodi. Fedha za kamati hazikutosha, akakopa kwenye chama chake na kwa njia ya simu bila kumwambia mchumba wake. Bwana arusi naye alikopa kazini ili anunue kochi na televisheni, wageni wa Krismasi wasije wakakuta nyumba tupu. Kila mmoja alidhani anamfurahisha mwenzake. Siku mbili kabla ya Krismasi, wadai walipiga simu ya mke, na aliyeipokea alikuwa mume. Krismasi ilipofika, nyumba yao ilikuwa na taa za rangi dirishani, na ndani mlikuwa na watu wawili wasiosemezana.

Tulitazame jambo hili kwa makini. Walikuwa wameahidiana kuwa pamoja wakati wa raha na wakati wa taabu, kumbe taabu ya kwanza ilikuwa imefichwa tayari. Deni la fedha hulipwa, hata kama ni kwa miezi mingi. Lakini kila mmoja alibaki na swali zito moyoni: "Ni nini kingine ambacho sijaambiwa?" Pambo linalonunuliwa kwa siri si pambo tena. Ni kifuniko.

Je, tuache kujipamba?

Pengine mtu atasema: basi tuache mapambo yote, fedha hizo wapewe maskini. Mimi mwenyewe nilifikiri hivyo, na hapa yanipasa kuungama. Krismasi yetu ya kwanza, mke wangu alifua vitambaa vya kochi, akavipiga pasi, akanunua maputo na karatasi za rangi kwa fedha alizopata kwa kuuza mayai. Nilipoingia, badala ya kumsifu, nilimhubiria juu ya ubadhirifu. Nikamtajia na hori la Bethlehemu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Nilitaka ukirudi ujue kwamba ulikuwa unangojewa."

Sikuwa na jibu. Ukweli ni kwamba sikuwa nikiwatetea maskini, maana hakuna maskini aliyepata hata shilingi moja kutokana na hotuba yangu. Nilikuwa bahili aliyejificha nyuma ya Injili.

Baadaye nilisoma tena Injili ya Yohane, sura ya 12. Maria wa Bethania alimpaka Yesu miguu kwa marhamu ya thamani ya dinari 300, karibu ujira wa mwaka mzima wa kibarua. Aliyelalamika kwa jina la maskini alikuwa Yuda, na Yesu akamtetea yule mwanamke. Tena, ishara yake ya kwanza huko Kana aliifanya wakati divai ilipokwisha arusini: maji ya mitungi sita ya mawe yakawa divai njema. Bwana wetu hachukii uzuri wala sherehe. Upendo hutaka kuonekana.

Kwa hiyo swali si kama tupambe au tusipambe. Swali ni hili: je, pambo hili linasema kweli? Gauni la arusi linasema, "Najitoa kwako mzima, bila kuficha kitu." Nyumba iliyopambwa inasema, "Karibuni, humu mna amani." Maneno hayo yakiwa ya kweli, hata kitambaa cha bei ndogo kinapendeza. Yakiwa ya uongo, hata hariri haiwezi kuufunika uongo huo.

Maswali matatu ya kujipimia

Kabla ya kununua, mume na mke, au wachumba, wakae pamoja na kujiuliza hivi.

Kwanza, tunampambia nani? Kama ni kwa ajili ya mwenzangu, kwa ajili ya Mungu, na kwa ajili ya wageni tunaowapenda, ni vyema. Kama ni ili jirani aone wivu au dada anyamaze, tumeshaanza vibaya.

Pili, je, wote wawili tunajua bei yake? Bei ambayo mmoja wetu hawezi kuitaja mbele ya mwenzake ni kubwa mno, hata ikiwa shilingi mia tano.

Tatu, kesho yake kutabaki nini? Je, tutabaki na shukrani na unga wa kutosha, au tutabaki na deni na picha tu?

Krismasi ya kwanza nyumbani

Kwa ninyi mliooana mwaka huu, nyumba yenu inaweza kupendeza bila kuwafilisi. Mwaka wa 1223, katika kijiji cha Greccio huko Italia, Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliadhimisha Noeli kwa kuandaa hori lenye nyasi kavu, pamoja na ng'ombe na punda, ili watu waone kwa macho yao jinsi Mwana wa Mungu alivyozaliwa katika ufukara. Vitu hivyo havikosekani kwetu. Kata tawi la sipresi kwenye ua, ukiwa umeomba ruhusa kama ua si wako. Tengenezeni pango dogo kwa udongo au kwa sanduku la karatasi, na nyasi kavu ndani. Fanyeni hivyo wote wawili, si mke peke yake. Hori libaki tupu wakati wa Majilio, kisha usiku wa tarehe 24 mwekeni Mtoto ndani yake na kusali pamoja. Hiyo itakuwa desturi ya nyumba yenu, na watoto wataikuta.

Na gauni je? Kama ulilikodi, umekwisha kulirudisha. Kama ni lako, usiliache lizeeke sandukuni. Mwazime binti mwingine ambaye hana, asije akangoja miaka tisa. Au shona vazi la ubatizo la mtoto wenu wa kwanza, Mungu akiwajalia. Kumbukeni kwamba Injili ya Luka, inaposimulia usiku ule wa Bethlehemu, inataja mavazi ya mmoja tu: nguo za kitoto ambazo Maria alimvika Mwanawe. Mama alitumia alichokuwa nacho, na malaika aliwaambia wachungaji kwamba hiyo ndiyo ishara watakayomtambua nayo.

Nanyi waume, mkikuta nyumba imepambwa, sifuni kwanza. Mahubiri yanaweza kungoja. Mimi nilichelewa kujifunza hilo.

Basi binti yangu uliyeniuliza, jibu langu ni hili. Kutaka gauni zuri si dhambi. Mwonyeshe mchumba wako gauni unalolipenda, mtajie bei yake waziwazi, na mwamue pamoja. Mkiona mnaweza, livae kwa furaha. Mkiona hamwezi, azima, au vaa ulicho nacho, wala usiahirishe sakramenti hata siku moja kwa ajili ya kitambaa.

Maswali ya kujadiliana mume na mke

1. Je, liko deni au jambo lolote la fedha ambalo sijamwambia mwenzangu? Tunaweza kuliongea kabla ya Krismasi?
2. Ni lini mwenzangu aliandaa kitu kwa upendo, nami nikakilaumu?
3. Katika jumuiya yetu, kuna jozi inayochelewa kufunga ndoa kwa sababu ya gharama? Sisi tunaweza kuwasaidia kwa nini?

Mungu azibariki ndoa zenu, na Familia Takatifu ya Nazareti iwe mfano wa nyumba zenu. Nawatakia Majilio mema na Noeli yenye amani.